Boti ya mbao niliikausha kama dagaa

Uvuvi ulipofungwa bwawa la Nyumba ya Mungu mwaka 2016 ili samaki wapate kuzaliana, binamu yangu alinipigia simu toka Lang'ata, kando ya bwawa hilo. Alikuwa anaondoka kwenda kutafuta kibarua kwingine, na boti yetu, tuliyoinunua nusu kwa nusu, ilikuwa inabaki mwaloni, pale boti zinapofikia nchi kavu, bila wa kuiangalia. "Kaka, njoo uichukue ukae nayo huko Moshi. Huku wataifanya kuni."

Ilikuwa boti ya mbao ya futi 20. Nilikodi kentaa, tukaipakia watu wanane, nusu ya jahazi lenyewe ikining'inia nje nyuma na kitambaa chekundu kimefungwa nchani. Nyumbani Pasua niliwahamisha kuku, nikaiingiza boti kwenye banda lao la mabati. Moyoni nilijisifu. Mvua haiipati, jua haliipati, geti linafungwa na kufuli. Mtu atake nini tena? Majirani walimaliza utani wa Nuhu wiki ya kwanza. Watoto ndio walidumu: kila jioni boti iligeuka daladala, mmoja konda, wengine abiria. "Pasua Mjini, Pasua Mjini, wawili wa haraka!"

Mwezi wa pili, Moshi ikiwa imeshika joto, niliingia bandani kutafuta koleo nikaona mwanga unapita ubavuni mwa boti. Nilichukua kisu cha mezani, kikapita kati ya ubao na ubao bila kugusa. Nikasema ni uzee tu, kila kitu huzeeka. Nikatoka na koleo langu.

Uvuvi ulipofunguliwa mwaka uliofuata tukairudisha bwawani. Tuliishusha jioni, tukaifunga kwenye kigingi, tukaenda kula. Asubuhi kamba ilikuwa inaingia majini na boti haionekani.

Fundi wa pale mwaloni ni mzee wa watu, alianza kuchonga boti kabla mimi sijazaliwa. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia mara moja. Aliinama, akaingiza kidole kwenye ufa, akatoa uzi wa pamba mkavu kama majani ya chai.

"Marahaba. Mwanangu, hii uliihifadhi au uliikausha kama dagaa?"

Akanieleza, na naliandika hapa kwa sababu sikuwahi kulisikia kwa mtu mwingine yeyote Moshi. Mbao za boti hunywa maji zikavimba, na ni kule kuvimba kunakozibana zisipitishe maji. Pamba ya kalafati, ile inayoshindiliwa kati ya ubao na ubao, inasaidia tu. Boti ikikaa kavu, mbao hurudi nyuma, pamba inalegea na kudondoka, misumari inabaki na nafasi ya kuchezacheza. Na banda langu la mabati, ambalo mchana lilikuwa tanuri, lilifanya kazi hiyo vizuri kuliko jua lenyewe. Juu ya hayo nilikuwa nimeilaza kwenye magogo mabichi ya mwembe yaliyogusa ardhi. Mchwa walipanda humo humo mpaka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti.

Dawa yake ilinishangaza zaidi. Tuliivuta mpaka maji ya magotini, tukaipakia mawe, ikakaa chini ya maji siku nne. Nilisimama ufukweni nikitazama mali yangu inazamishwa kwa makusudi na mtu ninayemlipa. Ilipotolewa, mianya mingi ilikuwa imeziba yenyewe. Mbao mbili zilikuwa zimepasuka penye misumari, hizo tulibadilisha, kisha akapiga kalafati upya.

Kwa boti ya mbao, basi, ushauri wa mzee ni huu: kama utaipumzisha wiki chache, itafutie kivuli cha mti, siyo cha bati, iinue juu ya mawe, ifunike kwa magunia unayoyalowesha na uimwagie maji ndani. Kama ni miezi, izamishe mahali pametulia. Lakini Nyumba ya Mungu ni bwawa la kuchezewa na mito. Kikuletwa na Ruvu zikijaa maji yanapanda hadi mashambani, kiangazi yanarudi mbali, na penye maji ya kiunoni mwezi wa tano panaweza kuwa tope lililopasuka mwezi wa kumi. Boti uliyoizamisha itaanikwa bila wewe kujua. Kwa hiyo kuzamisha bila mtu wa kuisogeza ni kujidanganya, na mtu huyo alipwe kila mwezi, siyo akumbukwe sikukuu.

Miaka michache baadaye binamu aliichukua boti ile yote, mimi nikanunua ya faiba, yaani nyuzi za kioo, iliyotumika, mita 5, na mashine ya kupachika nyuma ya boti, ya nguvu za farasi 15. Nikaanza tena swali lile lile la wapi pa kuiweka, na nikagundua kwamba karibu kila nililofundishwa lazima niligeuze. Faiba haitaki kunyweshwa maji. Yenyewe inataka kukaa kavu, na adui zake ni jua na kulazwa vibaya.

Kwanza nilijaribu yadi moja hapa mjini. Bei ilikuwa nzuri na kulikuwa na mlinzi usiku. Nikapewa nafasi pembeni kabisa, nikageuka kuangalia jirani yangu ni nani: mafundi wa kuchomelea, cheche zinaruka mpaka kwenye ukuta. Faiba ile imeshikwa na resini, ambayo ni kama gundi iliyokauka ikawa ngumu, nayo resini inawaka. Mwenye yadi akasema mbona magari hayajawahi kuungua. Nilimshukuru nikaondoka.

Nyumbani je? Mama watoto alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. "Banda ni la kuku."

Tena hata angekubali, kila safari ya bwawani ingekuwa kentaa ya kwenda na kentaa ya kurudi, kupitia Kifaru, na kila kupakia na kushusha ni mkwaruzo mpya. Nikaona nigawanye: boti ibaki Lang'ata kwenye uwanja wa fundi wangu, mbali na alama ya juu ya maji ya masika, mashine ije Moshi. Mwizi wa bwawani habebi boti, anabeba mashine.

Boti tumeilaza juu ya matairi ya zamani ya gari, manne, siyo mawili, ili uzito usiegemee sehemu moja ukaikunja. Upande wa mbele umeinuliwa kidogo na plagi ya nyuma, ile ya tundu la kutolea maji, imetolewa. Hiyo plagi ni kitu kidogo kama kizibo cha soda, ila nilipiga hesabu siku moja nikatishika. Boti yangu ina kama mita 6 za mraba za kupokea mvua. Ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, na masika inaweza, ni lita 300, yaani kilo 300 zimekaa ndani ya kitu kilicholala juu ya matairi. Plagi nimeifunga kwa kamba kwenye usukani, nisije nikasahau kuirudisha siku ya kushusha.

Turubai linapita juu ya mti mmoja uliolazwa katikati, kama paa la nyumba, na ncha mbili ziko wazi hewa ipite. Mara ya kwanza nililikaza lote kama mfuko, nikakuta viti vimeota ukungu mweusi.

Mashine ndiyo inayonichukulia muda. Kabla ya kuivua naisukutua kwa maji safi kwenye pipa, kwa sababu maji ya bwawa yana tope la mito. Kisha nachomoa mpira wa mafuta, naiacha ingurume hadi ijizime yenyewe, ili kabureta isibaki na petroli ya kugeuka gundi. Mafuta ya gia nayaangalia: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia na sili, ule mpira wa kuyazuia, imechoka. Petroli iliyobaki ilishachanganywa na oili, siwezi kuiweka kwenye pikipiki, nampa kijana mmoja mwenye msumeno wa kukatia miti. Njiani mashine inasafiri imesimama, imefungwa kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa.

Sasa hivi iko stoo, kwenye kichanja cha mbao nilichokitengeneza nyuma ya magunia ya mahindi. Jana nimekuta mama watoto ametundika mwavuli kwenye mpini wake.