Cicely Tyson, yule mama aliyejua kukataa

Jamani hebu leo niwaambie kuhusu Cicely Tyson, mwigizaji mweusi wa Marekani, maana kila nikimtaja kwa wasichana wa kikundi chetu cha drama hapa Malindi wananiuliza ni nani huyo, mpaka niseme yule mamake Annalise kwenye ile tamthilia ya TV How to Get Away with Murder ndo wote aaah yule! Ile sini amemkalisha Viola Davis, anayeigiza Annalise, chini kati ya magoti anamchana nywele huku siri za nyumbani zinatoka moja moja. Hapo ana miaka 90 wallahi.

Kazaliwa New York 1924. Mamake mtu wa kanisa hasa, aliposikia binti ataka kuigiza akamtoa nyumbani, wakakaa kama miaka miwili hawasemezani (nyie mnaokuja mazoezini mkiaga mwaenda kwa shangazi mnanielewa). Hakurudi nyuma. 1961 yuko jukwaani kwenye mchezo wa The Blacks pamoja na James Earl Jones, yule wa sauti ya Mufasa, na 1963 akatokea kwenye tamthilia ya TV, East Side/West Side, na nywele zake fupi za asili, hakuna wigi hakuna dawa, na enzi hizo mwanamke mweusi kuonekana hivyo kwenye televisheni ya Marekani haikuwa kawaida kabisa.

Lakini mie kinachonigusa ni kukataa kwake. Nafasi za kuigiza zinazowadhalilisha watu weusi alikuwa hazitaki, bora akae bila kazi. Akangoja, ikaja filamu ya Sounder 1972, halafu 1974 kwenye filamu ya TV akaigiza Jane Pittman, mhusika wa kubuni, mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi mpaka miaka 110. Mwisho kabisa anatembea taratibu, hatua kwa hatua, watu wote wanamwangalia, hadi kwenye bomba la maji la wazungu tu, anainama anakunywa. Basi. Emmy mbili hizo, tuzo za TV za Marekani.

Na 2013 akarudi Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, baada ya miaka 30, kwenye mchezo wa The Trip to Bountiful, akiimba tenzi watu ukumbini wanaitikia naye, akabeba Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, na miaka yake 88! 2015 tena, yeye na James Earl Jones, wawili tu jukwaani mchezo mzima wakicheza karata. Kafariki Januari 2021.

Kwa hiyo ile skiti yetu ya housigeli mjinga anayezabwa makofi ili watu wacheke, mie siichezi, nishasema kwenye grupu. Tuiandike upya, kwanza huyo dada apewe jina.