Boda ilipata pancha Tandale, nikafundishwa protoni kwenye ghala la mchele

Basi la kutoka Moro silizungumzii sana, AC mbovu, siti imevunjika mgongo, na nauli tumelipa ileile. Nililala kwa dada Magomeni. Asubuhi nikachukua boda niwahi mhadhara wa fizikia Mlimani saa nne, dogo akanipiga elfu tano eti mvua inakuja, nikatoa tu.

Kufika Tandale, pancha. Na mvua nayo ikashuka kwelikweli, nikakimbilia kwenye ghala la mchele. Kuna mzee kakaa juu ya magunia, shikamoo, marahaba, akauliza mwenzetu unakimbilia wapi na makaratasi yote hayo. Nikamwambia mimi mwalimu, nawahi kusikiliza jinsi wataalamu wanavyorusha elektroni, vile vichembe vidogo vya umeme, kwenye protoni, chembe iliyo katikati ya atomi, wajue ndani kuna nini. Akauliza, "Kwani mnaichoma bambo?"

Akachukua lake, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, akachoma gunia bila kulifungua, mchele ukateremka kiganjani. Akanipa na mimi. Likaingia laini, laini, mara likagonga kitu, mkono ukashtuka. "Jiwe hilo mwalimu," akasema, "hujaliona lakini umeshalijua."

Jamani nilisisimka mwili mzima! Miaka 11 naandika habari hiyo ubaoni na wanafunzi wanakariri tu. Miaka ya 1950 pale chuo cha Stanford, Marekani, mwanafizikia Hofstadter aliipiga protoni kwa elektroni akakuta siyo nukta, ina upana wake, leo nusu kipenyo chake tunakijua ni kama 0.84 femtomita, na femtomita ni milimita moja uigawe mara trilioni. Ila ndani watu wengi walidhani ni laini tu kama uji. Ndo kuanzia 1967 wanafizikia Friedman, Kendall na Taylor wakatumia mashine ya kurushia elektroni ya maabara ya SLAC, hukohuko Stanford, ndefu kilomita 3 na ushee, maana elektroni ukiiongezea nguvu ni kama unachonga ncha ya bambo iwe nyembamba zaidi. Wakaona elektroni zinatupwa pembeni kwa pembe kubwa mara nyingi mno kuliko walivyotegemea, yaani zinagonga mawe humo ndani, na mawe yenyewe ndo kwaki. Wakapewa Nobel 1990. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema hao watu wangefaa sana hapa sokoni.

Mlimani nilikuta maswali ya mwisho na chai imeisha, wala sikuumia. Nilikuwa nawaza darasa langu tu, maabara yetu hata betri za kutosha hatuna.

Kesho yake nikapita Kariakoo, gololi 50 elfu tano, bei ya kuua, nikanunua. Nimeficha kipande cha ubao chini ya meza ya plaiwudi, wanafunzi wanarusha gololi wanachora zinakotokea. Ijumaa wakasema ni mraba, kumbe pembetatu, kengele ya mapumziko ikalia wakagoma kutoka mpaka warudie.