Ndege Zilizosalia: Kuyatafuta Mabaki ya Shambulio la Pearl Harbor

Mombasa, 7 Desemba

Tarehe kama ya leo, mwaka 1941, ndege zilizoruka kutoka manowari sita za Japani za kubebea ndege ziliishambulia kambi ya jeshi la majini la Marekani ya Pearl Harbor, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta jibu la swali moja: katika ndege zote zilizokuwapo asubuhi ile, za pande zote mbili, zilizokuwa angani na zilizokuwa ardhini, ni zipi ambazo bado zipo duniani? Sizungumzii ndege za aina ile ile, ambazo zimejaa katika makumbusho ya nchi nyingi na nyingine zimepakwa rangi za siku ile ilhali zilitoka kiwandani baada ya shambulio kwisha. Natafuta ndege zenyewe, au kipande chochote chao ambacho ukoo wake unaweza kuthibitishwa.

Utafutaji wa namna hii hufanywa zaidi kwenye karatasi kuliko uwandani. Kila ndege ya kijeshi ya Marekani ilikuwa na nambari yake, na nambari hiyo iliandikwa tena kila ndege ilipohamishwa, ilipopata ajali, ilipotengenezwa na ilipofutwa katika daftari. Anayetaka kujua ukweli hufuata nambari hiyo hatua kwa hatua, akilinganisha ripoti za ajali na picha za zamani, hadi mfuatano ukamilike au ukatike. Unapokatika, mimi huiondoa ndege hiyo katika orodha yangu, hata kama kibao kilicho mbele yake kinasema vingine.

Mtu angetarajia orodha iwe ndefu. Wajapani walirusha ndege zaidi ya 350 kwa mawimbi mawili, na 29 tu hazikurudi. Waamerika walipoteza ndege 188, na nyingine nyingi ziliharibika, kwa sehemu kwa sababu katika viwanja vya ndege vya Oahu kama Wheeler zilikuwa zimepangwa bawa kwa bawa: makamanda walihofia wahujumu wa ndani kuliko adui kutoka angani, na ndege zilizokusanywa pamoja ni rahisi kulindwa na askari wachache. Zilikuwa rahisi vilevile kuteketezwa pamoja. Lakini zilizonusurika nazo ziliendelea kutumika, zikachakaa, zikaanguka, na baada ya vita zikayeyushwa. Upande wa Japani hali ilikuwa mbaya zaidi. Manowari nne kati ya zile sita, yaani Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, zilizama katika vita vya Midway mnamo Juni 1942 pamoja na ndege zao. Shokaku na Zuikaku zilizama mwaka 1944. Mabaki ya Kaga na Akagi yalipatikana mwaka 2019, zaidi ya mita 5,000 chini ya bahari, mahali ambapo hakuna mtu atakayenyanyua kitu.

Kwa hiyo ndege ya Kijapani iliyoshiriki shambulio lile ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hadi leo kama haikufanikiwa kurudi kwenye manowari yake. Nimeufikiria ukweli huu mara nyingi, na mfano wake ulio wazi kuliko yote uko katika Makumbusho ya Usafiri wa Anga ya Pearl Harbor, kwenye Ford Island. Ni mabaki ya Zero, ndege ya kivita ya Kijapani, iliyorushwa na Shigenori Nishikaichi, rubani wa Hiryu. Ndege yake ilipigwa risasi, naye akatua kwa kishindo katika kisiwa kidogo cha Niihau, ambacho Wajapani waliambiwa hakina watu na ambako nyambizi ingekuja kuwaokoa marubani waliopata matatizo. Watu walikuwako. Walimpokea vizuri, lakini mmoja wao, Hawila Kaleohano, alikuwa amekwisha kuzichukua karatasi zake. Siku zilizofuata zilikuwa za vitisho na silaha, na rubani, akisaidiwa na mkazi mmoja wa asili ya Kijapani, aliichoma moto ndege yake isije ikachunguzwa na adui. Tarehe 13 Desemba aliuawa katika mapambano na Ben Kanahele na mkewe Ella, Kanahele mwenyewe akiwa amepigwa risasi tatu.

Kilichobaki ni kiunzi kilichoungua, chenye kutu, kisichofanana sana na ndege. Makumbusho yameyaonyesha mabaki hayo jinsi yalivyo, na nawashukuru kwa uamuzi huo. Kama Nishikaichi angerudi salama, Zero ile huenda ingekwenda Midway na Hiryu na kupotea kabisa. Wapo wanaotamani ingejengwa upya kwa vipuri vipya mpaka ing'are. Naona huo ungekuwa ufutaji wa ushahidi, kwa sababu moto ule aliuwasha rubani mwenyewe, na alama zake ni sehemu ya habari kama zilivyo risasi zilizomwangusha.

Suala la kujenga upya linakuwa gumu zaidi ninapofika kwa P-40B yenye nambari 41-13297. Ndege hii ya kivita ilikuwa Wheeler, lakini wiki chache kabla ya shambulio ilitua bila magurudumu, na tarehe 7 Desemba ilikuwa ndani ikifanyiwa matengenezo. Ajali ile ndiyo iliyoiokoa. Ilirudi angani, na mwezi Januari 1942 ikaanguka katika milima ya Oahu na kumwua rubani wake kijana. Msitu ukaifunika kwa zaidi ya miaka 40. Baadaye iliteremshwa, ikaunganishwa na sehemu za P-40 nyingine zilizoanguka, na leo inaweza kuruka. Nambari ni ile ile, na sehemu ya chuma chake ni kile kile. Je, ni ndege ile ile? Nimeiweka katika orodha yangu kwa sababu karatasi zake hazina pengo, ila nimeandika pembeni kwamba ni ndege ya kuunganishwa, na nadhani kila anayeionyesha anapaswa kusema hivyo bila kuzungukazunguka.

Ninayoipenda kuliko zote ni Sikorsky JRS-1, ndege kubwa yenye tumbo la mashua na magurudumu, inayoweza kushuka majini na nchi kavu. Haikuundwa kwa ajili ya mapigano. Ilikuwa ndege ya kazi za kawaida za kambi, ya kubeba watu na mizigo na kuvuta shabaha, na huenda ndiyo maana haikuandamwa. Saa chache baada ya mabomu, ndege za kikosi chake zilitumwa baharini kuzitafuta manowari za Japani, wanajeshi waliokuwamo wakiwa na bunduki za mkononi tu. Hebu fikiria kuondoka katika bandari inayowaka ukiwa katika ndege nzito isiyo na mizinga, ukitafuta kundi la meli ambalo ukilipata litakumaliza. Hawakulipata, na wakarudi. Leo JRS-1 moja kati ya zile zilizokuwa pale imo katika mkusanyiko wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, katika jengo la Udvar-Hazy huko Virginia, na ndiyo ndege pekee ya mkusanyiko huo mkubwa iliyokuwa Pearl Harbor siku hiyo. Ilikaa nje kwa miaka mingi, ikipigwa na jua na mvua, kabla ya kuingizwa ndani mwaka 2011. Rangi ya buluu iliyopakwa haraka baada ya shambulio ili kuificha imebabuka, na chini yake inaonekana rangi ya fedha iliyokuwa nayo wakati wa amani. Ningeomba wasiipake upya. Tabaka zile mbili zinaeleza, bila maandishi yoyote, jinsi maisha ya kambi nzima yalivyogeuka ndani ya siku chache.

Katika makumbusho ya Ford Island ipo pia Aeronca, ndege ndogo ya kiraia ambayo wakili Roy Vitousek aliirusha asubuhi ile pamoja na mwanawe, wakajikuta katikati ya ndege za Japani na kufanikiwa kutua salama. Na madirisha ya hangari namba 79 bado yana matundu ya risasi.

Mabaki mengine hayawezi kuingizwa ndani ya jengo lolote, nayo ndiyo yanayonishughulisha zaidi mwaka huu. Dakika chache kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa, ndege za Japani ziliivamia kambi ya Kaneohe, upande wa pili wa kisiwa, kwa sababu huko ndiko zilikokaa ndege za doria aina ya Catalina, ambazo zingeweza kuwafuata hadi kwenye meli zao. Catalina 27 ziliharibiwa kabisa na 6 zikapata madhara. Zilizosalimika ni 3 tu zilizokuwa doriani. Nyingine zilikuwa zimefungwa kwenye maboya ndani ya ghuba, na moja kati ya hizo ingali chini pale, kiasi cha mita 9 tu, ikiwa imevunjika vipande katika maji yenye tope jingi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hawaii walijaribu kuipima mwaka 1994 wakakwazwa na ukungu wa maji. Mwaka 2015 wengine walizamia na kupata picha nzuri kiasi cha kuonyesha chumba cha rubani. Nambari yake haijathibitishwa. Huenda wanajeshi waliokuwamo walikuwa wakijaribu kuiondoa majini risasi zilipowafikia, na hilo linatosha kunifanya nisitamani kuiona ikivutwa na winchi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inailinda, na wazamiaji waliokwenda walipima na kupiga picha bila kuchukua kitu. Alumini iliyokaa katika maji ya chumvi kwa miongo minane ikitolewa bila matayarisho makubwa huanza kuoza upesi, kwa hiyo hata anayependa makumbusho kama mimi anapaswa kukubali kwamba mahali pake pazuri zaidi ni pale pale.

Huko Kaneohe pia ndiko alikoanguka Luteni Fusata Iida wa manowari ya Soryu, ambaye alipoona mafuta yanavuja kutoka katika Zero yake aligeuza na kuishambulia kambi tena. Waamerika walimzika kwa heshima za kijeshi pamoja na wenzao aliowashambulia, na jiwe la kumbukumbu lingalipo mahali alipoangukia. Ndege yake, kama nyingine zilizoanguka nchi kavu, ilimegwamegwa. Watu walikata vipande vya bati lenye duara jekundu kuwa kumbukumbu. Kila kipande cha namna hiyo kinachotokea leo bila maelezo ya kilikotoka kimepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwa maana hatuwezi tena kukirudisha kwa mtu aliyekufa nacho.

Nimeulizwa na ndugu na marafiki kwa nini mtu wa Mombasa ajishughulishe na Hawaii. Manowari tano kati ya zile sita, Kaga ikiwa haipo, ziliingia katika Bahari ya Hindi miezi minne baadaye, na ndege zake, zikiongozwa na Mitsuo Fuchida yule yule aliyeongoza shambulio la Pearl Harbor, zikaipiga Colombo, katika kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka, tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee, katika kisiwa hicho hicho, tarehe 9. Kwa ajili ya hatari hiyo kikosi cha Uingereza chini ya Admirali James Somerville kilirudishwa nyuma hadi Kilindini, na wavunjaji wa siri za mawasiliano ya Japani nao wakahamishwa kutoka Colombo na kuwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, hapa Mombasa. Vita vilivyoanzia Oahu vilifika mlangoni petu, ingawa mabomu hayakufika.

Orodha yangu ya Pearl Harbor sitaifunga mpaka Catalina ile ya Kaneohe itambuliwe. Wakati huo nitaanza nyingine, ya ndege za Uingereza zilizoangushwa Colombo na Trincomalee, Hurricane, Fulmar na zile Swordfish sita zilizokutwa angani zikielekea uwanja wa ndege wa Ratmalana, karibu na Colombo, kwa kufuata njia ile ile ya nambari na ripoti za hasara.