Miti ya bibi inaisha huku tunaangalia

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Newala, kifua kikanibana nikakohoa usiku kucha, asubuhi naenda kumwamkia bibi hata shikamoo sijaimaliza vizuri akaniambia mume wangu, hicho kikohozi si cha kunyamazia, chukua panga tushuke bondeni. Anayeijua Newala anajua, ukisimama Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa mlima, unaliona bonde la Ruvuma lote mpaka Msumbiji ng'ambo, sasa njia za kushuka kule ndo zilezile bibi zetu walipanda nazo na maji kichwani maana huku juu maji yalikuwa shida mno, na bibi anasema dawa nyingi kazijulia humohumo njiani akienda kuteka.

Tulikuwa tunatafuta mti ambao yeye anautaja kwa Kimakonde tu, jina la Kiswahili hana, ila jani lake ukiliona mara moja hulisahau, limepasuka katikati kama kwato ya ng'ombe. Alivyokuwa anachuna gome nilimwangalia kwa makini. Hakuzungusha. Kachukua kipande cha vidole vinne upande wa mawio, kingine upande wa machweo, halafu kachota udongo mbichi akapaka pale alipojeruhi. Namuuliza wa nini, anasema ukiuvua nguo zote unakufa, kesho mtoto wa mwenzio akikohoa utamchemshia nini?

Inaniuma kwa sababu tulitembea karibu lisaa kuupata, na zamani ulikuwa nyuma ya nyumba. Vichaka vimefyekwa vyote ni mikorosho. Korosho siipingi, ada yangu imelipwa na korosho, lakini tungeacha hata kipande jamani. Na kimti kikibaki pembeni ya shamba, ikifika mwezi wa sita wa saba watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, majani yanakuwa ya njano kwa vumbi, bibi hapo hachumi kabisa. Tunabaki na vya uani, mpera, mchaichai, na mwarobaini ambao wenyewe asili yake India, tena watu wanaunywa kwa kila kitu.

Hapo kwenye kila kitu bibi ni mkali sana. Homa ya mtoto hatibu, anasema kapimeni kwanza. Kuna nyumba jirani walimnywesha mtoto mwarobaini siku tatu, kumbe malaria, kafika hospitali na degedege, Mungu saidia akapona. Aliponea dawa za malaria za hospitali, na zenyewe kuna zilizotokana na jani, artemisia ya China, nilivyomwambia bibi akacheka akasema si unaona, basi wale waliuliza wazee wao wakaandika.

Mi nimeanza kuandika. Daftari lina miti kumi na moja, jina la Kimakonde, jani, sehemu inayotumika, na kipimo, maana bibi anapima kwa kiganja chake na kiganja chake ni kidogo.

Nimerudi Mtwara mjini na maganda mawili ya mbegu, ngumu kama mawe, kaniambia nizimwagie maji ya moto kwanza nizilaze. Ziko kwenye viroba nyuma ya nyumba, namwagilia kila jioni, bado hazijaota.