Mama, mkongojo na lami nyekundu

Skuta ya kwanza ilitupita hata hatujafika mbali na Gare du Nord, stesheni ya treni ya Paris. Haikutugusa. Ilipenya katikati yangu na mama, juu ya njia ya waenda kwa miguu, na hatukusikia chochote ila upepo wake mashavuni. Mama alisimama, akaugonga mkongojo chini mara mbili.

"Kile kilikuwa nini, mwanangu?"

"Skuta ya umeme, mama. Ubao wa magurudumu mawili, mtu anasimama juu yake."

"Mbona hakikulia?"

Swali hilo lilitufuata safari nzima. Mama ana miaka 71 na macho yake yana ukungu. Mtu akija anamwona, lakini uso wake hauoni, kwa hiyo barabarani hutegemea masikio kuliko macho. Mimi nilikuwa nimepanga wiki mbili za kwenda kuona jinsi miji ya wenzetu inavyogawana barabara kati ya miguu, baiskeli, skuta na magari. Ni ugonjwa wangu wa siku nyingi huo. Yeye alikubali kunisindikiza kwa sharti moja tu, nisimkimbize.

Paris niliwahi kufika kiangazi cha 2019, wakati kampuni zaidi ya kumi zilikuwa zimemwaga skuta za kukodi mitaani. Mtu alifungua moja kwa simu yake, akapanda, na alipofika aendako akaibwaga hapohapo. Zililala milangoni, kwenye vivuko, na nyingine ziliishia ndani ya mto Seine. Oktoba mwaka huo Ufaransa ikaweka kanuni: mwendo usizidi kilomita 25 kwa saa, na ukikamatwa unaiendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu, faini euro 135. Jiji nalo likabakiza kampuni tatu. Juni 2021 mwanamke wa Kiitaliano aliyekuwa kando ya Seine aligongwa na skuta iliyopakia watu wawili, akafariki, na tangu hapo mjadala ukawa mkali. Tarehe 2 Aprili 2023 wakazi wakaitwa kupiga kura: skuta za kukodi zibaki au ziondoke? Karibu asilimia 89 walisema ziondoke, ingawa waliojitokeza hawakufika hata mmoja katika kila kumi wenye haki ya kupiga kura. Ilipoingia Septemba zilikuwa zimeshaondolewa.

Za kukodi, lakini. Za watu binafsi zipo, na moja ndiyo iliyotukaribisha pale stesheni.

Nilimpeleka mama Rue de Rivoli, barabara niliyokuwa na hamu nayo kuliko Mnara wa Eiffel. Tangu 2020 magari ya kawaida yamezuiwa kwenye sehemu yake kubwa, na nafasi yao wamepewa waendesha baiskeli. Nilimsimulia hayo kwa majivuno, utadhani magari niliyaondoa mimi. Kisha tukataka kuvuka. Taa yetu ikawaka kijani, basi likasimama, teksi ikasimama. Baiskeli hazikusimama. Ikapita moja, ikapita ya pili, akapita baba mmoja na watoto wawili ndani ya sanduku la mbele, wakitupungia mkono. Mama aliyekuwa ameshashusha mguu mmoja akaupandisha tena.

Baadaye nilimweleza kwamba si wote wanaopita kwenye taa nyekundu wanaovunja sheria. Makutano mengi ya Paris yana kibao kidogo cha pembetatu chini ya taa, chenye picha ya baiskeli, kinachomruhusu mwendesha baiskeli kuendelea upande ulioonyeshwa hata kama taa ni nyekundu, mradi awapishe wanaovuka kwa miguu. Asubuhi ile sehemu ya kwanza ya kibao walikuwa wameisoma vizuri sana.

"Zamani ulikuwa unaogopa gari," mama akasema, "lakini gari unalisikia toka mbali."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezoea kuhesabu magari yaliyopungua tu.

Amsterdam ilinitia hofu zaidi kwa ajili yake, na hapo nilikosea. Ukitoka stesheni kuu unakutana na lami nyekundu, ambayo ni njia ya baiskeli, na mgeni akiikanyaga tu atasikia kengele kabla hajajua kosa lake. Kengele zile mama alizipenda papo hapo. Kila kona krring, krring, naye anatikisa kichwa kama anayeitikia salamu. Mzee mmoja tuliyesimama naye kwenye kivuko alituambia siri ya pale: ukishaanza kuvuka, usisite. Mwendesha baiskeli amekwisha kukupigia hesabu toka mbali, anajua ukifika pale yeye atapita nyuma yako. Ukisimama ghafla, au ukikimbia, hesabu yake imeharibika na mtaanguka wote. Mwendo wa mama, ule wa polepole usiobadilika, ukawa ndio unaofaa kuliko wangu wa kushtukashtuka. Nilikemewa mara tatu siku ile. Yeye hakukemewa hata mara moja.

Usidhani lakini mambo yalianza hivyo. Mwaka 1971 ajali za barabarani Uholanzi ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kwa maandamano, vuguvugu lao likaitwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Miaka hiyohiyo ndipo mitaa iitwayo woonerf, iliyoanzia Delft, ilipotambuliwa kisheria: gari huingia humo kama mgeni, linakwenda kwa mwendo wa miguu. Na ugomvi haujaisha hata leo. Tangu Aprili 2019 pikipiki ndogo zenye kibao cha namba cha bluu zimetolewa kwenye njia za baiskeli za ndani ya Amsterdam zikapelekwa barabarani pamoja na magari, madereva wake wavae helmeti. Tangu Desemba 2023 barabara nyingi za jiji zina kikomo cha kilomita 30 kwa saa. Sasa kelele zimehamia kwenye baiskeli za umeme zenye matairi manene, ambazo vijana huzichokonoa mota ili zikimbie kupita kiasi. Moja ilitupita jioni. Haikulia. Mama hakusema kitu, alinikaza mkono tu.

Mahali nilipotaka kufika hasa ni Drachten, mji mdogo wa kaskazini usio na reli. Tuliteremka treni Heerenveen tukapanda basi. Huko ndiko kuna Laweiplein, makutano ambayo mhandisi Hans Monderman aliyaondolea taa. Hoja yake ilikuwa kwamba taa na vibao humfanya dereva aache kufikiri; viondoe, naye atalazimika kumtazama mwenzake. Magari kama 22,000 hupita pale kwa siku. Monderman, aliyefariki 2008, alikuwa na kawaida ya kuwaonyesha wageni kwa kuingia kwenye msururu wa magari kinyumenyume, nayo yakampisha.

Pale pana umbo la kiplefti, ingawa huko huzungukwa kwa kushika kulia, na chemchemi zinarusha maji. Nilisimama nusu saa nikifurahi. Lori linapunguza mwendo, msichana wa baiskeli anainua kidevu, dereva anatikisa kichwa, msichana anapita. Hakuna honi. Kila kitu kinamalizwa kwa macho.

"Umeona, mama? Wanatazamana tu."

"Wewe ndiye unayeona," akasema. "Mimi nitamtazamaje mtu nisiyemwona uso?"

Alisema bila ukali, kama anayeuliza saa. Lakini nilihisi nusu saa yangu yote ya furaha ikinitoka. Nilikuwa nimesoma malalamiko ya wasioona kuhusu mitaa ya namna hii; nilijua kwamba mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri zisitishe miradi ya mitaa tambarare isiyo na ukingo kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa nayo kichwani kama habari. Tulivuka nikiwa nimemshika kiwiko, gari likasimama, nami nikamwinulia dereva mkono kwa niaba ya mama, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo.

Jioni basi lilitufikisha Groningen, mji ambao mwaka 1977 uligawa katikati yake kwa sehemu nne; gari haliwezi kutoka sehemu moja kwenda nyingine moja kwa moja, lazima lizunguke nje, wakati baiskeli inakata katikati. Kuna makutano huko ambapo baiskeli za pande zote hupewa kijani kwa pamoja, zinapishana kama nyuzi za mkeka. Nilitaka tusimame tuangalie. Mama alikuwa ameshatangulia kwenye kivuko kingine, ambako nguzo ya taa ilikuwa na kisanduku kinachogonga: tok, tok, tok, taratibu.

"Hiki kinasema," akaniambia, na kukiwekea kiganja.

Gari lilipita. Baiskeli mbili. Kisha mlio ukabadilika, tok-tok-tok-tok, haraka haraka, naye akaachia kisanduku akashika njia. Mkono wangu ulibaki hewani, nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikangoja skuta moja niliyodhani haitasimama. Ilisimama. Nilipofika katikati mama alikuwa ng'ambo, ameegemea mkongojo, ameuelekeza uso kwenye vishindo vya viatu vyangu.

"Haya baba, fanya haraka," akasema. "Unanichelewesha."