Tulivyochagua hifadhi ya klasta, Samora 2019

Mwaka 2019, kwenye ofisi moja ya Mtaa wa Samora, mashine pepe zote (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) zilikuwa zinategemea boksi moja la NFS, yaani la kuhifadhi faili kupitia mtandao. Seva tatu za klasta, yaani kundi linalofanya kazi pamoja kwa Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, zilikuwa nzima, lakini boksi hilo likizimika, zote tatu zinabaki kutazamana. Tukapewa wikiendi moja na vifaa vya kujaribia mifumo ya kuweka data kwenye diski za seva zenyewe, kwa nakala. Jumatatu mhasibu alitaka hesabu ya diski zitakazokaa ndani ya seva zenyewe.

DRBD, inayonakili diski ya seva moja kwenda nyingine, iliondoka mapema. Kwa seva mbili ni nyepesi na ina kasi, ila waya kati yao ukikatika na hakuna shahidi wa tatu wa kuamua, kila upande unaweza kujiona ndiye mkuu ukaandika kivyake. Kuzipatanisha hapo ni kukubali kutupa maandishi ya upande mmoja. GlusterFS, inayonakili faili kati ya seva, ilifika mbali kidogo. Diski ya mashine pepe kwake ni faili moja kubwa, na seva iliyozimika ikirudi, faili zima la gigabaiti 200 linasubiri kupatanishwa. Ukiwasha ugawaji wa vipande vya megabaiti 64 unapata nafuu, lakini ukishauwasha usithubutu kuuzima, data itaharibika.

Ikabaki Ceph, inayosambaza data vipande vipande kwenye diski za seva zote na kuweka nakala ya kila kipande kwenye kila seva, na kilichotupa kazi hakikuwa Ceph yenyewe, ni diski. Profoma ya muuzaji ilikuwa na SSD za kawaida, zile za laptop zilizojaa Kariakoo. Tukazipima kwa fio, programu ya kupima kasi ya diski: vipande vya kilobaiti 4, kimoja kimoja, kila kimoja kithibitishwe kwamba kimekaa diskini ndipo kije kingine. Zikaandika mia chache tu kwa sekunde. SSD ya seva yenye kapasita za kuilinda umeme ukikatika ikaandika maelfu. Sababu ni kwamba ile ya kapasita inaweza kujibu “tayari” data ikiwa bado kwenye kumbukumbu yake ya muda, maana ina chaji ya kuimalizia. Ya kawaida lazima iimwage kwanza. Ceph inadai uthibitisho huo kwa kila andiko, na kwenye nakala zote. Kipimo cha kunakili faili kubwa hakionyeshi tofauti hii, ndiyo maana wauzaji wanakipenda.

Kadi ya RAID, ambayo kawaida huunganisha diski zionekane kama moja, tuliiweka ipitishe tu, Ceph ione kila diski yenyewe. Mtandao wa gigabiti 1 unaishia megabaiti 125 kwa sekunde, na kila andiko linatumwa tena kwa seva mbili nyingine, kwa hiyo gigabiti 10 haikuwa anasa. Swichi yake ilikuwa ghali. Kadi za milango miwili na kebo tatu fupi za shaba zikatosha: kila seva imeungwa moja kwa moja na wenzake wawili. Mawasiliano ya klasta yenyewe, ya seva kuulizana kama ziko hai, yakabaki kwenye swichi ya zamani, peke yake, kwa sababu hayavumilii kucheleweshwa.

Jumapili tukachomoa umeme wa seva moja, bila kuizima kistaarabu. Maandishi yaliganda sekunde 20 na ushee, mpaka diski zake zikatangazwa zimeanguka, kisha yakaendelea. Mashine pepe zilizokuwa juu yake ziliwaka kwenye seva nyingine baada ya kama dakika mbili. Tukachomoa ya pili: kila kitu kikasimama, kama inavyotakiwa. Nakala zilikuwa tatu, na kuandika kunahitaji mbili ziwe hai.

Mhasibu hakuelewa hesabu.

“Kaka, diski kumi na mbili za terabaiti 1.92 ni 23. Mbona mnasema tutatumia nne na nusu?”

“Dada, gawanya kwa tatu kwanza, inabaki 7.68. Halafu diski moja ikifa, mzigo wake unahamia kwa tatu zilizobaki kwenye seva ileile. Zikiwa zimejaa asilimia 75, zitafurika. Ikifika 85 mfumo unaanza kulalamika, ikifika 95 hauandiki tena. Kwa hiyo tunaishia asilimia 60.”

Akapiga kikokotoo, akaandika 4.6, akauliza RAM ni ya nini. Gigabaiti 4 kwa kila diski, yaani 16 kwa kila seva kabla hujawasha mashine pepe hata moja. Hiyo nayo ikaingia kwenye profoma mpya.

Boksi la NFS lilibaki kwa ajili ya bakapu za usiku, maana faili likifutwa kwenye Ceph linafutika kwenye nakala zote tatu.