Kundi la maombi msimu wa kampeni

Kundi la maombi likianza kugeuka jukwaa la siasa, kosa la kwanza huwa kumkaripia mtu mbele ya wote. Anajitetea, wenzake wanamuunga mkono, na jioni hiyohiyo mna kambi mbili. Mathayo 18:15-17 imeshapanga hatua: mfuate mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, kanisa huja mwisho. Na kumfuata ni kwa miguu au kwa kupiga simu. Ujumbe wa maandishi hauna sauti, mtu husoma hasira hata isipokuwepo.

Kwenye sala, 1 Timotheo 2:1-2 inataka tuwaombee wote wenye mamlaka, si tuliowapigia kura tu. Ombi linalomtaja mgombea mmoja ni hotuba ya kampeni iliyofumba macho. (Kati ya wale mitume 12 wa Yesu walikuwemo Mathayo, mtoza ushuru aliyewatumikia watawala, na Simoni Zelote, jina la waliopinga utawala wa Kirumi, na bado walikaa kundi moja!)

Kunyamaza nako si dawa. Mnyonge akionewa, semeni, ila tajeni tendo lenyewe, si chama wala kabila. Kabla ya kusambaza picha, ulizeni ilipigwa lini na wapi. Uongo unaomchafua mpinzani bado ni ushuhuda wa uongo, Kutoka 20:16.